Babu alizama baharini mwaka 1944, karatasi yake imeandikwa "301 Fd Regt EAA". Hii ni Keya au jeshi gani?

Mjukuu wa Rabai aliandika:

Hamjambo wote. Ninaishi Kisauni lakini kwetu ni Rabai. Swali langu ni la jeshi na pia ni la familia, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Kaka yake babu yangu mzaa baba alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Hitler na hakurudi. Tangu utotoni tunaambiwa kwamba alikuwa Keya, na kwamba alizama na meli akipelekwa Burma. Kaburi hana, picha hana, na tarehe hakuna aliyeijua. Juzi shangazi alifungua sanduku la marehemu nyanya, akakuta karatasi ya serikali iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Jina lake lipo. Namba yake ya jeshi inasomeka nusu. Kisha imeandikwa "301 Fd Regt EAA", na chini yake "Feb 1944". Siku yenyewe imeliwa na mchwa.

Wazee wanataka kumsimamishia koma, ule mti wa kumkumbuka marehemu, nyumbani, akae na ndugu zake. Lakini wamesema kwanza ijulikane alifia wapi na lini, na kazi hiyo nimepewa mimi kwa sababu ndiye ninayeshinda kwenye mtandao.

Naomba kujua: EAA ndiyo Keya? Kama alikuwa askari wa nchi kavu, alitafuta nini baharini? Na kikosi hicho kipo hadi leo, ili niende nikaulize kambi ya Nyali au Mariakani? Babu zetu wengine waliorudi walisimulia Keya tu, jina la EAA hakuna mzee hapa anayelijua.


Mvita Kongwe alijibu:

Karibu, ndugu yangu. Nitajibu upande wa Keya, hayo mengine wapo wanaoyajua kunishinda.

Keya ni King's African Rifles. Iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vitatu vilivyokuwapo: cha Afrika ya Kati upande wa Nyasaland, cha Uganda, na East Africa Rifles ya huku kwetu. Hiyo East Africa Rifles ilianzishwa mwaka 1895 hapa hapa Mombasa, Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa ile kampuni yao ya biashara iliyokuwa ikiitawala, na makao yake yalikuwa Ngomeni, Fort Jesus. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupigana na watu wa pwani wenyewe, maana mwaka ule ule Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alikuwa amesimama dhidi yao, na walimwandama mpaka 1896 alipovuka kuingia upande wa Wajerumani. Kwa hiyo jeshi la nchi hii limezaliwa mjini petu, ingawa halikuzaliwa kwa ajili yetu.

Namba za batalioni zake zilienea nchi zote. Za Kenya zilijulikana kwa 3, 5 na 11, za Nyasaland 1 na 2, ya Uganda 4, ya Tanganyika 6. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, hizo tatu za Kenya zikabadilishwa jina zikawa Kenya Rifles, namba zikabaki zile zile. Ile ya 11 haikukaa. Iliasi Lanet tarehe 24 Januari 1964, siku chache baada ya askari wa Tanganyika na Uganda kuasi, ikavunjwa.

EAA si mojawapo ya hizo. Naamini Namba Wani akipita hapa atakueleza, yeye ni mtu wa mizinga.


Namba Wani alijibu:

Mwanangu Mjukuu wa Rabai, salamu kwako na kwa wazee. Nimesoma swali lako nikasimama, nikatembea uani, nikarudi kuandika. Nitaandika kwa urefu kwa sababu ni miaka nangoja mtu aulize.

Babu yako hakuwa Keya. Alikuwa askari wa mizinga. EAA ni East African Artillery, na karatasi yako inasema rejimenti ya 301 ya mizinga ya uwanjani. Mimi mwenyewe nilitumika kwenye mizinga katika jeshi letu, nikastaafu nikiwa sajenti, sasa niko Likoni. Jina ninalotumia hapa ndilo la kazi yangu: namba wani ni yule anayeongoza mzinga mmoja na watu wake.

Tarehe unayoitafuta ni 12 Februari 1944, siku ya Jumamosi. Meli iliitwa Khedive Ismail.

Sasa nikueleze alikuwa anafanya nini majini. Mwaka 1943 Waingereza waliikusanya divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kule Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, iingizwe Burma kupigana na Wajapani. Ilikuwa na brigedi tatu, na kila brigedi batalioni tatu za Keya au za Rhodesia ya Kaskazini. Batalioni ni watu kama 800: kombania kadhaa, kombania ina platuni, platuni ina seksheni, seksheni ni watu kumi hivi na bunduki zao. Hao ndio kila mtu anawajua, ndio waliorudi na masimulizi. Lakini brigedi ya askari wa miguu haiendi vitani peke yake. Inataka mizinga ya kuvunja handaki la adui kabla askari hawajalisogelea, mainjinia wa kujenga madaraja, watu wa simu, madaktari, magari. Askari wa miguu wakitumwa mbele ya bunduki-rashasha bila mizinga nyuma yao, wametumwa kufa. Ninalisema hilo kama mtu aliyekaa nyuma ya mzinga akisikia redioni sauti ya wenzake walio mbele wakiomba moto.

Rejimenti ya mizinga ya uwanjani kwa mpango wa Waingereza wa wakati ule ilikuwa na mizinga 24, imegawanywa betri tatu za mizinga minane. Mzinga wao wa kawaida waliuita 25-pounder, kwa uzito wa kombora lake, yaani kilo 11 na kitu. Ulipiga umbali wa kilomita 12. Watu sita kwa mzinga: namba wani anaamuru, mmoja analenga kwa darubini, mmoja anafungua na kufunga mlango wa mzinga, wengine wanabeba, wanatayarisha na kupakia. Mbele kabisa, pamoja na askari wa miguu, anakaa ofisa mtazamaji na redio yake. Huyo ndiye jicho. Katikati kuna kituo cha hesabu: umbali, pembe, upepo, joto la baruti. Wapiga mzinga wenyewe mara nyingi hawamwoni wanayempiga, wanafuata namba wanazosomewa.

Fikiria basi kijana wa Rabai, au wa Kitui, au wa Nyanza, anafundishwa kazi hiyo katika Kiswahili cha jeshini, kwa miezi, mpaka mikono inafanya bila kufikiri. Ndiyo maana nasema mtu wa mizinga si askari wa kubahatisha. Ukimpoteza, humpati mwingine wiki ijayo.

Msafara wao ulitoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo. Meli za abiria zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ellenga na Ekma. Iliyowalinda tangu mwanzo ni manowari kubwa ya zamani, Hawkins, na baadaye zikajiunga mbili ndogo za mbio, Petard na Paladin. Ndani ya Khedive Ismail kulikuwa na watu zaidi ya 1,500. Wa rejimenti ya 301 peke yao walikuwa 996. Wengine walikuwa mabaharia wa Uingereza, wauguzi wanawake wapatao hamsini, wanawake wengine wa utumishi wa jeshi, na wafanyakazi wa meli.

Karibu na visiwa vya Maldivi, mchana baada ya saa nane, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliwapiga kwa topido mbili. Wengi walikuwa ndani, chini, kuna tamasha la muziki lilikuwa likiendelea ukumbini. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Dakika mbili, mwanangu. Askari aliyelala chini sitaha ya tatu hakuwa na nafasi hata ya kupata ngazi.

Walikufa watu 1,297. Walionusurika ni 214, na kati yao wanawake sita.

Kwa hiyo waambie wazee: alifia katika Bahari ya Hindi upande wa Maldivi, tarehe 12 Februari 1944, akiwa na rejimenti yake yote. Hakufa peke yake na hakupotea. Alikuwa kazini.

Kuhusu kikosi kuwepo leo: hapana, Nyali wala Mariakani hutaipata. Mariakani ni batalioni ya 15 ya Kenya Rifles, askari wa miguu. Jeshi tulilorithi mwaka 1963 lilikuwa la batalioni za miguu, na mizinga ya Kenya tuliijenga sisi baadaye kwa namba nyingine kabisa. Leo kuna batalioni ya 75 na ya 77 za mizinga. Uzi wa jina umekatika. Kazi ni ile ile, na mimi nikimsikia mtu anasema wote walikuwa Keya tu, roho inaniuma, maana watu 996 waliotoka Kilindini wamemezwa na jina lisilo lao.


Kijana wa Changamwe alijibu:

Mzee Namba Wani, shikamoo. Nimepita Kilindini maisha yangu yote na hili sijawahi kulisikia. Shuleni tulisoma Burma kwa sentensi moja, Khedive Ismail haikutajwa kabisa.

Nina maswali mawili, moja ni la pembeni. Je, mizinga yetu ya leo inafanana na hiyo ya kina babu? Na vile vifaru vilivyoletwa na meli ya MV Faina hapa bandarini, vilikuwa vya jeshi letu kweli?


Namba Wani alijibu:

Marahaba, kijana.

Mizinga: niliyoitumikia mimi ni ya Uingereza, Light Gun ya milimita 105. Ina uzito usiofika tani mbili, gari la kawaida la jeshi linaivuta na helikopta inaweza kuining'iniza. Inapiga kilomita 17. Watu wake ni sita vile vile, na mgawanyo wa kazi ni ule ule niliomweleza Mjukuu. Umchukue mtu wa rejimenti ya 301, umsimamishe kwenye mstari wa mizinga kule Archer's Post siku ya mazoezi, baada ya saa moja atakuwa anapakia pamoja nasi. Hilo ndilo linalonifanya niwaone kuwa watu wangu. Na iko desturi moja tumeirithi kutoka huko: batalioni ya miguu ina bendera yake inayolindwa na kupigiwa saluti, lakini watu wa mizinga bendera yao ni mzinga wenyewe. Hauachwi nyuma. Ukikuta mtu anaukalia mzinga kama benchi, jua hakulelewa kwetu.

Faina nitapita haraka. Ilitekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008, ikaachiwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, ikatia nanga hapa. Ndani vilikuwemo vifaru 33 vya T-72. Serikali ilisema ni vya Jeshi la Kenya. Watu wengi, pamoja na wa mambo ya bahari hapa Mombasa, walisema vilikuwa vya Sudan Kusini. Ninachoweza kukuambia kama mtu wa kazi ni hiki: kifaru tulichokijua jeshini ni Vickers Mk 3 cha Uingereza, kilichonunuliwa kuanzia miaka ya 1970 mwishoni, chenye mzinga wa milimita 105 na watu wanne ndani. T-72 ni cha Kirusi, mzinga wake ni wa milimita 125, kinajipakia chenyewe na watu wake ni watatu. Risasi ni nyingine, vipuri vingine, mafunzo mengine kuanzia mwanzo. Jeshi halibadilishi mambo hayo yote kimyakimya, na tangu siku ile sijaona kikosi chetu kinachovipigia gwaride.

Tuyaache hayo, turudi kwa babu wa mwenzetu.


Mjukuu wa Rabai alijibu:

Mzee wangu, sina maneno. Nimemsomea shangazi jibu lako kwa simu na akaniambia nirudie ile tarehe mara ya pili ili aiandike ukutani.

Nilipopata jina la meli nikatafuta zaidi usiku, nikakutana na jambo lililonikosesha usingizi. Imeandikwa kwamba zile manowari za kuwalinda zilitupa mabomu ndani ya maji mahali ambapo watu walionusurika walikuwa wakielea. Yaani watu waliookoka kwenye meli waliuawa na upande wao. Ni kweli? Na kama ni kweli niwaambie wazee, au ninyamaze?


Namba Wani alijibu:

Ni kweli, mwanangu, na usiwafiche. Waambie kama nitakavyokuambia.

Baada ya meli kuzama, nyambizi ile haikukimbia. Ilijificha chini, chini ya watu waliokuwa majini. Meli nne za abiria zilikuwa bado zipo na maelfu ya watu ndani, na nyambizi yenye topido zilizobaki ingeweza kuzifuata moja moja. Meli za abiria zikatawanyika. Manowari mbili za mbio zikabaki. Paladin ilianza kuokota watu. Petard ilisaka kwa mitambo ya kusikiliza, na mitambo ikaonyesha adui yuko wapi: pale pale penye watu.

Silaha ya kupiga nyambizi wakati huo ni pipa la baruti linalotupwa majini, likashuka, likalipuka kwa kina lililowekewa. Mtu aliyeko majini jirani na mlipuko huo anapasuka ndani ya mwili bila jeraha kuonekana. Nahodha alilijua hilo. Mabaharia wake walilijua. Mabaharia hao walisimulia baadaye jinsi walivyokuwa wakipungiwa mikono na watu waliodhani manowari inakuja kuwachukua.

Akatupa. Wako waliokufa kwa mabomu hayo, na wako waliookolewa baada yake. Nyambizi ililazimika kupanda juu, Paladin ikaigonga ikaumia yenyewe, na vita vikaendelea kwa mizinga mpaka Petard ilipoimaliza kwa topido. Hakuna meli nyingine ya msafara iliyozama.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Ninaamini nahodha alifanya lile ambalo kazi yake ilimlazimisha, na ninaamini pia kwamba wale watu walitendewa jambo ambalo hakuna cheo kinacholitosha kulihalalisha mbele ya mama zao. Yote mawili nayashika pamoja. Ninachokikataa ni jinsi lilivyosimuliwa muda mrefu kama habari ya nahodha wa Kiingereza na uamuzi wake mgumu, na wale waliokuwa majini hawana jina wala kabila wala kijiji. Wengi wao walikuwa watu wa rejimenti ya 301. Walikuwa watu wa nchi hizi.

Wazee wa Rabai watalielewa. Wamezika watu kwa njaa na kwa maradhi, hawataogopa ukweli wa vita. Tena wakisimamisha koma bila kuambiwa hili, siku moja mjukuu mwingine atalikuta mtandaoni kama ulivyolikuta wewe, usiku, peke yake.


Mwalimu wa Tononoka alijibu:

Nimefuatilia mazungumzo haya na naomba niingie upande wa majina, kwa sababu nimewahi kuwasaidia familia nyingine kutafuta.

Mjukuu, ulisema babu hana kaburi. Ni kweli, lakini nina hakika ana mahali jina lake lilipaswa kuchongwa. Nairobi, kwenye makaburi ya vita barabara ya Ngong, kuna East Africa Memorial. Ina majina zaidi ya 2,000 ya wanajeshi wa Afrika Mashariki wa vita vya pili wasio na kaburi linalojulikana, na waliozama na Khedive Ismail wamo. Makaburi hayo yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na tume ina orodha yake mtandaoni, bila malipo.

Namna ya kutafuta: usianze na jina. Makarani waliyaandika majina yetu kwa sikio la Kiingereza, herufi zinapinduka, "Ch" inakuwa "T", jina la Kimijikenda linaweza kukosa silabi nzima. Anza na kikosi, East African Artillery, na tarehe ya kifo, 12 Februari 1944. Kisha pitia jina baada ya jina. Cheo chake hakitaandikwa askari wa kawaida wa miguu, kitaandikwa Gunner, au Bombardier kama alikuwa na tepe mbili. Angalia pia jina la baba, mara nyingi wameandika fulani mwana wa fulani. Hapo ndipo namba yako iliyosomeka nusu itakufaa: tarakimu nne tu zinazolingana zinatosha kukutofautishia watu wawili wenye jina moja.

Na uone tofauti na vita vya kwanza. Pale mjini, ile sanamu ya askari ya vita vya 1914 hadi 1918, tunaipita kila siku. Ni ya kumbukumbu ya askari wa Kiafrika na wapagazi wa Kariakoo, wale waliobeba chakula na risasi kichwani kumfuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, mpaka Msumbiji. Haina jina hata moja. Nairobi na Dar es Salaam ni vivyo hivyo. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Mzungu aliyekufa katika vita ile ile alipewa jiwe lake na jina lake. Kwa hiyo mwaka 1944 kuchongwa jina halikuwa jambo dogo. Lidai.


Mjukuu wa Rabai alijibu:

Mwalimu, nimefuata hatua zako jana baada ya kazi. Orodha ni ndefu na inachosha moyo, majina ya Kikamba, ya Kijaluo, ya Kinandi, ya Kiganda, ya huku kwetu, wote tarehe moja.

Nimempata. Jina lake wamelikosea herufi mbili, lakini la baba yake ni sahihi, na tarakimu za namba ya jeshi zinaangukia pale pale. Gunner. Na nambari ya safu ya ukuta ipo.

Wazee wamekubali. Shangazi anataka kwenda Nairobi kwanza aliguse lile jina kwa mkono kabla ya koma kusimamishwa. Nauliza kama kuna utaratibu wowote wa kuingia pale, na kama inawezekana jina lirekebishwe. Pia Mzee Namba Wani, tunakuomba uje Rabai siku hiyo. Wazee wamesema mtu wa mizinga aje amwelezee mtu wa mizinga.


Mwalimu wa Tononoka alijibu:

Makaburi yako wazi mchana, huingii kwa barua. Mkifika langoni mwoneni mtunzaji na nambari ya safu, atawapeleka. Chukueni karatasi nyeupe na penseli laini, wekeni karatasi juu ya jina na kusugua taratibu, jina litatoka lote na shangazi atarudi nalo nyumbani.

Kurekebisha jina kunawezekana. Tume hupokea maombi ya familia kupitia tovuti yao, mkiambatanisha ushahidi. Ushahidi wenu ni ile karatasi ya sandukuni. Ipigeni picha leo, pande zote mbili, kabla mchwa hawajamaliza kazi, na asili msimpe mtu yeyote, hata akija na kitambulisho cha ofisi. Anayehitaji apewe nakala.

Mkitaka kwenda mbali zaidi, hifadhi ya nyaraka za taifa Nairobi, Moi Avenue, ina mafaili ya wakati wa vita ya wilaya za pwani, na wilayani ndiko walikoandika vijana waliochukuliwa jeshini na fedha walizotumiwa familia zao. Ulizeni mafaili ya Kilifi ya 1940 hadi 1946.


Namba Wani alijibu:

Nitakuja, mwanangu. Niambie siku mapema tu, maana feri ya asubuhi ina watu na miguu yangu si ya zamani. Nitavaa nishani zangu.

Nina ombi moja kwa wazee, na wakikataa sitaudhika. Wakati wa kumtaja, wasiseme Keya. Waseme alikuwa mtu wa mizinga wa rejimenti ya 301, East African Artillery. Nitawaandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili atakayesoma asibabaike.

Na wewe ukiwa pale ukutani Nairobi, tafuta katika orodha hiyo majina mengine ya watu wa Rabai, Kaloleni, Ribe na Kilifi wa tarehe hiyo hiyo, uyaandike. Yalete hapa. Mimi na Mwalimu tutatafuta familia zao.